Umealikwa kwenye utafiti wa dawa Dodoma: wa chuo kikuu, wa kampuni, au ubaki na kliniki yako?

Umefika kliniki ya presha saa moja asubuhi, uko wa kumi na nane kwenye foleni. Kabla hujaitwa anakuja kijana mwenye koti jeupe na kishikwambi mkononi. "Shikamoo mama. Tuna utafiti hapa, tungependa kukueleza kidogo." Benchi zima linageuka. Aliyekaa kushoto kwako ananong'ona usikubali, hao ni mumiani wa kisasa, wanataka damu. Wa kulia anasema kubali, wana nauli.

Wote wawili hawajadanganya: damu itachukuliwa, na nauli kwa kawaida ipo. Ila hakuna hata mmoja aliyegusa jambo la kuamulia.

Nimewahi kuwa huyo kijana wa kishikwambi. Kwa miaka michache kazi yangu ilikuwa kuwasomea watu fomu za ridhaa, vijijini Chamwino na baadaye mjini, na swali nililoulizwa mara nyingi kuliko yote ni hili: "Sasa huu wa chuo una tofauti gani na ule wa kampuni? Na nikikataa vyote nabaki na nini?" Wakati ule nilikuwa najibu juujuu. Hapa nitajibu taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu neno mdhamini

Mtaani tuna wadhamini wa aina mbili. Kuna wa ligi, anayetoa jezi na mipira. Timu ikifungwa saba, yeye haimhusu. Na kuna wa polisi au mahakamani, anayeweka saini kwamba huyu akitoroka nishikeni mimi. Kwenye utafiti wa tiba, mdhamini ni huyu wa pili. Ndiye anayebeba dhamana ya jaribio zima: mpango wake, usalama wa washiriki, taarifa zinazokwenda serikalini. Anayetoa fedha anaitwa mfadhili, naye anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Chanjo mbili za malaria zinaonyesha tofauti hiyo vizuri, na zote zimejaribiwa hapa nchini. RTS,S ilidhaminiwa na kampuni ya GlaxoSmithKline. Jaribio lake kubwa lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo. R21 iliyofuata ilijaribiwa Bagamoyo na katika nchi za Burkina Faso, Kenya na Mali, na mdhamini alikuwa Chuo Kikuu cha Oxford. Lakini kati ya waliotoa fedha alikuwemo Serum Institute ya India, kiwanda kinachoitengeneza chanjo yenyewe. Kwa hiyo ukisikia "utafiti wa chuo" usidhani kampuni haipo chumbani. Uliza maswali mawili, si moja: nani mdhamini, na nani mfadhili.

Mlango wa kuingilia nchini hauchagui. Awe chuo au kampuni, jaribio la dawa lazima lipate kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambayo makao makuu yake yako hapahapa Dodoma. Kibali cha maadili huwa cha mwaka mmoja, kisha kinaombwa upya. Kwa hiyo ukionyeshwa barua, tazama tarehe. Watu hawatazami tarehe.

Na angalizo moja. Mengi yanayoitwa utafiti wa chuo katika hospitali za Dodoma si majaribio ya dawa. Ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, au wa chuo kingine anayekusanya dodoso kwa ajili ya shahada yake: anakuuliza maswali, anakupima uzito na presha, anapitia faili lako. Hakupi dawa yoyote. Ukimkubalia au kumkatalia, tiba yako inabaki ilivyo. Makala haya ni kuhusu yale ambayo ndani yake kuna dawa, chanjo au njia ya tiba inayopimwa.

Nitazipima njia tatu kwa mambo matano: swali linaloulizwa ni la nani, ukiumia nani anashikwa, muda na mwili wako vinatumika kiasi gani, siku utafiti ukifungwa unabaki na nini, na majibu yanaishia wapi.

Swali ni la nani

Kampuni inauliza swali moja kuu: dawa yangu inafanya kazi, na ni salama kiasi cha kusajiliwa na kuuzwa? Si swali la aibu. Bila hilo tusingekuwa na dawa nyingi tunazomeza. Maana yake ni kwamba kwenye utafiti wa kampuni ndiko una nafasi kubwa ya kukutana na kitu kipya kabisa, ambacho kwenye duka la dawa pale Majengo hukipati. Kipya, lakini si lazima kiwe bora. Kingejulikana kuwa bora, kusingekuwa na utafiti.

Chuo kikuu mara nyingi kinauliza maswali ambayo hayana mnunuzi. Mfano wa karibu kabisa ni Kongwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa hapa walitaka kujua kama kunawa uso kunapunguza trakoma, ule ugonjwa wa macho unaoishia kwenye vikope kukwaruza jicho. Wakachukua vijiji sita, wakavipanga jozi tatu. Katika kila jozi vijiji vyote viwili vilipata mafuta ya macho ya tetrasaiklini, kisha kikachaguliwa kwa bahati nasibu kimoja kipate pia kampeni ya nguvu ya kuwanawisha watoto. Walifuatiliwa watoto 1,417 wa umri wa mwaka 1 hadi 7. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: katika vijiji vya kunawa, trakoma kali ilipungua zaidi. Sasa nitajie kampuni ambayo ingelipia jaribio la maji, tena Kongwa, mahali ambapo dumu la maji lina bei.

Angalia pia jinsi lilivyofanyika. Hakuna aliyekaa akasema kijiji hiki watu wake wastaarabu, tuwape wao. Ilikuwa bahati nasibu. Kwa mgonjwa mmojammoja ni vilevile: kompyuta inapanga namba, namba inawekwa kwenye bahasha isiyopenya mwanga au kwenye boksi la dawa, na nesi anafungua mbele yako. Yeye mwenyewe mara nyingi hajui ndani kuna nini. Nimeona watu wakimbembeleza nesi awachagulie "ile nzuri". Hawezi, na akiweza basi utafiti umeharibika.

Hofu kubwa hapa ni plasebo, yaani kidonge kitupu. (Tusichanganye na dawa bandia, zile TMDA inazokamata madukani, hizo ni jinai.) Kidonge kitupu kinaruhusiwa pale ambapo hakuna tiba iliyothibitishwa inayonyimwa mtu, au kinapoongezwa juu ya tiba ya kawaida ambayo kila mtu anapata. Hata hivyo si kila mara kinatumika. Kwenye yale majaribio ya malaria, watoto wengi wa kundi la pili walipata chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa hiyo nao waliondoka na kinga ya kitu.

Kliniki ya kawaida yenyewe haina swali la kisayansi. Daktari anauliza unaumwa nini, anafuata mwongozo wa matibabu wa taifa, anakuandikia dawa inayojulikana. Kwa aliye na ugonjwa ambao tiba yake ipo na inamfaa, hiyo ni faida kubwa ambayo watu wa utafiti hatuisemi kwa sauti.

Ukiumia, nani anashikwa

Siku moja nilikuwa Chamwino, nimekaa kwenye kigoda, nikimsomea mama mmoja wa makamo fomu ya kurasa tisa. "Mbukwa" tulishasalimiana, akaendelea kupeta mtama wake huku akisikiliza. Nilipomaliza akauliza swali moja tu: "Mwanangu, nikifia huko hospitalini kwenu, nani ananirudisha hapa?"

Nikafungua ukurasa wa saba. Palikuwa pameandikwa kwamba madhara yatokanayo na utafiti yatatibiwa bila malipo. Kuhusu kusafirisha mwili, hakuna hata mstari. Nikapiga simu ofisini. Wakasema watamuuliza mdhamini. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Haya, waulize kwanza," akaendelea na ungo wake. Jibu la maandishi lilikuja baada ya wiki mbili.

Hicho ndicho kigezo cha pili. Kampuni kubwa kwa kawaida ziko imara hapa: bima ya washiriki imeshakatwa, wakaguzi wanakuja kila mara kulinganisha faili na faili. Vyuo navyo vinatakiwa kuwa na bima ya jaribio, na vyuo vikubwa vya nje vinayo. Lakini chuo hakina jeshi la wakaguzi kama kampuni, na mtafiti mkuu mara nyingi ni mhadhiri yuleyule mwenye wodi, wanafunzi na vikao. Kwenye fomu tafuta mambo matatu: jina la bima au mlipaji, namba ya simu ya mtafiti mkuu, na namba ya kamati ya maadili ambayo si ya watafiti wenyewe. Likikosekana moja, subiri kwanza.

Historia haijampendelea yeyote. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya trovafloksasini kwa watoto wenye homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, katikati ya mlipuko. Malalamiko kwamba wazazi hawakuelezwa ipasavyo yalikwenda mahakamani, na mwaka 2009 kampuni ikafikia makubaliano ya fidia na jimbo la Kano. Mwaka 1999 kijana wa miaka 18 alifariki katika jaribio la tiba ya jeni la Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Baadaye ikajulikana kwamba mkuu wa taasisi ya tiba ya jeni ya chuo hicho na chuo chenyewe walikuwa na hisa katika kampuni iliyohusika na teknolojia ile. Koti la chuo nalo lina mifuko.

Kliniki ya kawaida? Dawa ikikudhuru huko, hakuna bima maalumu. Unatibiwa kwa bima yako ya afya au kwa fedha yako. Unaweza kuripoti madhara ya dawa TMDA, na uzembe wa daktari kwenye Baraza la Madaktari, lakini utaanza wewe. Kwa upande mwingine, dawa yenyewe imeshatumiwa na watu wengi, madhara yake yanajulikana. Hatari ni ndogo na ulinzi nao ni mwembamba.

Muda, nauli na damu

Nilimrudia yule mama na barua ya mdhamini. Nikamsomea mara mbili. Akasema sasa ameelewa, tena amefurahi wamejibu, lakini mvua zimeanza na yeye hawezi kuacha shamba mara nane kwenda mjini. Akakataa. Naona ulikuwa uamuzi safi kuliko nyingi nilizoshuhudia zikiwekewa dole gumba.

Utafiti wa kampuni huwa na ratiba kali: mahudhurio mengi, vipimo vingi, siku zimehesabiwa. Faida yake ni kwamba unachunguzwa kuliko ulivyowahi kuchunguzwa maishani. Majaribio ya vyuo yanatofautiana. Yapo makali kama ya kampuni, na yapo mepesi yaliyobuniwa yaende sambamba na kliniki. Chuo Kikuu cha Harvard na washirika wake wa Dar es Salaam, kwa mfano, walilinganisha kwa wajawazito 11,000 nchini miligramu 500 za kalsiamu kwa siku dhidi ya 1,500, kuona kama dozi ndogo inatosha kuzuia kifafa cha mimba. (Kwa kifafa cha mimba, ilionekana haizidiwi na ile kubwa.) Mama anakwenda kliniki ileile, anameza vidonge, anafuatiliwa.

Damu: mililita tano ni kijiko cha chai. Uliza vijiko vingapi, mara ngapi, na vinakwenda wapi. Sampuli ikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba maalumu wa kuihamisha, na kuihifadhi kwa tafiti za baadaye kuna kisanduku chake kwenye fomu. Unaweza kukubali utafiti na ukakataa kisanduku hicho. Hilo wengi hawaambiwi kwa uwazi.

Nauli na fidia ya muda zimeandikwa kwenye fomu kiasi chake. Kama fedha hiyo ndiyo sababu yako ya kukubali kitu ambacho bure ungekikataa, rudi nyumbani ulale, uamue kesho.

Siku utafiti ukifungwa

Hapa ndipo pagumu kwa wote. Dawa imekusaidia, jaribio limekwisha, na kabati la utafiti limefungwa. Kampuni inaweza kuwa na mpango wa kuendelea kukupa hadi dawa isajiliwe, au isiwe nao. Inaweza pia kusitisha mradi kwa sababu za kibiashara. Chuo kinategemea fedha za msimu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha fedha za USAID, shirika lake la misaada, kuna majaribio barani Afrika yaliyokatwa katikati washiriki wakiwa bado ndani.

Ila chuo kinachopima dawa ya zamani na ya bei rahisi kina nafuu moja: dawa hiyo ipo hata utafiti ukiondoka. Na mara nyingine njia hizi zinakutana. Antibayotiki ya azithromaisini inayogawiwa vijijini dhidi ya trakoma inatolewa msaada na Pfizer, ileile ya Kano, kupitia mpango wa kimataifa ulioanza 1998.

Kliniki yako haifungwi. Inaishiwa dawa tu, "kanunue nje", wimbo tunaoujua.

Majibu yanaishia wapi

Mtafiti wa chuo anaishi kwa kuchapisha, hivyo ana hamu matokeo yatoke, hata yakiwa ya kukatisha tamaa. Jaribio la WOMAN-2, lililodhaminiwa na chuo cha London School of Hygiene & Tropical Medicine, lilihusisha wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu waliokuwa wakijifungua Tanzania, Nigeria, Pakistan na Zambia. Swali: dawa ya asidi ya traneksamiki ikitolewa mapema inazuia kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua? Mwaka 2023 jibu likatoka: haikuonekana kupunguza. Likachapishwa hivyohivyo. Kampuni matokeo yake yanakwenda kwanza kwa mamlaka za usajili, na zamani yale mabaya yalikuwa rahisi kubaki kabatini. Siku hizi majaribio ya pande zote mbili yanatakiwa kusajiliwa hadharani kabla ya kuanza, hivyo yanayopotea yanaonekana kuwa yamepotea.

Kurudi kijijini kuwaambia watu walichochangia? Wote ni wavivu, chuo na kampuni. Kliniki ndiyo pekee inayokupa majibu yako mkononi siku hiyohiyo.

Kwa hali yako

Kama tiba zilizopo zimegoma na daktari wako anakubali hivyo, utafiti wenye kitu kipya, ambao mara nyingi ni wa kampuni, unastahili kusikilizwa. Uliza uko awamu ya ngapi. Awamu ya kwanza inapima usalama na dozi kwa watu wachache; usiiendee ukitarajia kupona. Ya tatu inalinganisha na tiba iliyopo kwa watu wengi.

Kama una presha, sukari au ujauzito usio na shida, na unahudhuria kliniki vizuri, jaribio la chuo linalolinganisha dawa zinazojulikana litakuongezea uangalizi bila kukutoa sana kwenye njia yako. Kwa mjamzito, omba kuelezwa mapema, kliniki, si uchungu ukishashika.

Kama unatoka mbali, tuseme Mpwapwa ndani au Kondoa, na basi ni moja kwa siku, hesabu mahudhurio kabla ya kitu kingine chochote. Kubaki na kliniki ya karibu si ushamba.

Kama anayealikwa ni mtoto, saini ni ya mzazi au mlezi, lakini mtoto anayeelewa naye anatakiwa kuulizwa. Akisema hataki, msikilizeni.

Kama hujui kusoma, sheria inataka awepo shahidi asiye mtu wa utafiti wakati unasomewa. Usikubali wakuletee wao. Njoo na wako, hata mjukuu aliyemaliza kidato cha nne, mradi ametimiza miaka 18.

Kama unatumia mitishamba, sema. Hakuna atakayekufukuza kliniki kwa hilo, ila kwenye utafiti kunyamaza kunaweza kukuumiza wewe mwenyewe, dawa zikigongana.

Na kama umeshaingia ukataka kutoka, unatoka, bila kutoa sababu na bila kupoteza nafasi yako kliniki. Lakini usitoroke kimyakimya. Kuna dawa ambazo kuziacha ghafla ni hatari. Pita ukaage, wakueleze namna ya kuziacha, na uchukue nakala yako ya fomu kama hukupewa siku ya kwanza.